Oakland Athletics 2002: wamempoteza Giambi, wameshinda zaidi. Hesabu yangu imekosea wapi?

takwimu_mwanana
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Athletics, timu ya besiboli ya Oakland, Marekani, walishinda mechi 102 mwaka 2001. Msimu ulipoisha wakaondokewa na watatu kwa mpigo: Jason Giambi akaenda New York Yankees (miaka 7, dola milioni 120), Johnny Damon akaenda Boston Red Sox, na Jason Isringhausen, mrushaji wao wa kufunga mechi (anayeingia mwishoni kulinda ushindi), akaenda St. Louis Cardinals. Wakaingia Scott Hatteberg, David Justice na Billy Koch. Mwaka 2002 wakashinda 103.

Nimechukua kiwango cha kufika besi, yaani sehemu ya zamu za kupiga ambazo mchezaji anafika besi salama. Giambi 0.477 na Damon 0.324, wastani 0.400. Hatteberg 0.374 na Justice 0.376, wastani 0.375. Waliokuja wako chini, timu imepanda juu. Nimeteleza wapi?

besi_ya_tatu
Umeruka hatua moja mkuu. Umetoka kwa mchezaji moja kwa moja hadi kwenye ushindi, na katikati kuna mikimbio, yaani pointi zenyewe. Anza na timu nzima:

2001: walifunga 884, wakafungwa 645.
2002: walifunga 800, wakafungwa 654.

Mashambulizi yameshuka kwa mikimbio 84. Kwa hiyo pengo la Giambi halikuzibwa, hata kama hadithi inayosimuliwa siku zote ni kwamba lilizibwa. Sasa chukua mikimbio ya kufunga kipeo cha 2 (namba mara yenyewe), gawanya kwa jumla ya jibu hilo na mikimbio ya kufungwa kipeo cha 2, kisha zidisha kwa mechi 162 za msimu. Mwaka 2001 utapata karibu ushindi 106, mwaka 2002 utapata 97. Timu ilidhoofika kwa ushindi kama 9. Hilo linakubaliana na kanuni ya mkononi kwamba mikimbio 10 ni sawa na ushindi mmoja.

Ulichokiona kwenye msimamo ni kwamba 2001 walipata pungufu ya stahili yao kwa mechi 4, na 2002 wakapata ziada ya 6. Huo ni mgawanyo wa mikimbio kati ya mechi na mechi. Usimpe Hatteberg sifa ya ziada hiyo.

Bi_Hesabu
Naongezea kwenye hatua ya mchezaji, maana hapo pia pana makosa mawili.

La kwanza, usitafute wastani wa viwango viwili bila kuangalia kila mmoja aliingia kupiga mara ngapi. Rudi kwenye namba ghafi. Giambi 2001: mapigo safi 178, besi za bure (anazopewa mpigaji mrushaji akirusha mipira minne mibovu) 129, kupigwa na mpira 13, jumla 320. Chini weka zamu rasmi 520, besi za bure 129, kupigwa na mpira 13, na mipira ya juu ya kujitoa mhanga (mpigaji anatolewa lakini mwenzake anafunga) 9, jumla 671. 320 kwa 671 ni 0.477. Fanya hivyo kwa kila mtu, jumlisha vya juu pamoja na vya chini pamoja, ndipo ugawanye mara moja.

La pili ndilo kubwa: kufika besi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni besi ngapi pigo limezaa. Tumia fomula ya mikimbio iliyoundwa: (mapigo + besi za bure) × jumla ya besi zilizozaliwa na mapigo ÷ (zamu rasmi + besi za bure).

Giambi 2001: (178 + 129) × 343 ÷ 649 = 162.
Hatteberg 2002: (138 + 68) × 213 ÷ 560 = 78.

Tofauti ni 84, namba ileile iliyopungua kwa timu nzima. Tafadhali usidanganyike nayo, imeangukia tu hapo. Mwaka huohuo Damon hayupo, Justice yupo, na Miguel Tejada amepanda hadi kuwa mchezaji bora wa ligi ya American.

Tena Hatteberg hakununuliwa awe Giambi mpya. Besi ya kwanza, nafasi aliyoiacha Giambi, mwanzoni mwa msimu ilikuwa ya Carlos Peña, aliyetoka Texas Januari 2002. Hatteberg alikuwa mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) aliyeumia mishipa ya fahamu ya kiwiko, bei yake imeporomoka kwa sababu hawezi tena kurusha, huku jicho lake la kuacha mipira mibovu liko palepale. Uchambuzi mzuri ulikuwa kwenye bei: kumpata kwa pesa kidogo.

mrushaji_kushoto
Mbona hakuna aliyegusa warushaji? Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito kwa pamoja walihesabiwa ushindi wa mechi 56 mwaka 2001 na 57 mwaka 2002. Wote walikuwa bado hawajatimiza miaka 6 ya huduma inayomfanya mchezaji awe huru, kwa hiyo mishahara yao ilikuwa midogo. Ndiyo maana mikimbio ya kufungwa ilisogea kwa 9 tu. Hapo ndipo timu iliposimama.

Kwa Koch nina shaka zaidi. Kama mrushaji wa kufunga mechi alilinda ushindi mara 44, sawa, lakini alipatikana kwa kumtoa Eric Hinske, ambaye mwaka huohuo akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi akiwa Toronto. Ukiandika faida, andika na gharama. Na walioondoka waliacha fidia ya drafti, yaani zamu za ziada za kuchagua wachezaji wapya: nafasi ya 16 kutoka Boston ikawa Nick Swisher, ya 24 kutoka Yankees ikawa Joe Blanton. Hizo ziingize kwenye jedwali la usajili.

takwimu_mwanana
Asanteni sana, nimeelewa. Kipeo kiwe 2 au 1.83?

besi_ya_tatu
1.83 ni sahihi zaidi. Itakupa karibu 104 kwa 2001 na 96 kwa 2002, pengo ni ushindi 8 badala ya 9. Chagua kimoja ukitumie misimu yote miwili. Ukichanganya, tofauti utakayoiona itakuwa ya fomula.