Tupeane uzoefu: mechi kubwa iliyokuponyoka ukiwa mbele ya TV (na je, AFCON 2027 tutaionea wapi?)

Mzee wa Kona
Wakuu, salaam.

Jana usiku natazama mpira kwa simu, bando nimenunua kwa hela ya mboga, mara nasikia mtaa mzima "Gooooli!" Kwangu mimi kipa ndiyo kwanza anaweka mpira chini apige goli kiki. Nikakaa nasubiri goli ambalo nimeshalijua, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani ambao aliacha karatasi nyeupe. Nikasema hapana, hili lazima nilipeleke kwa wenzangu.

2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Kila siku nasikia habari za viwanja tu: Arusha, Talanta ya Nairobi, Hoima ya Uganda. Sawa. Uwanja wa watu 60,000 ukijaa hadi mlangoni, tuliobaki nje ni mamilioni. Tutaonea wapi? Maoni yangu, na nitayatetea: mwenyeji wa mashindano siyo mwenye uwanja, ni mwenye kamera. Yeye ndiye anapanga saa ya kuanza, yeye anaamua uone nini, na kifurushi kikiisha yeye ndiye anakuzimia.

Semeni. Mechi gani kubwa ilikuponyoka, na vipi?

kijiko
Ngoja nikae hapa. Mtu anisogezee kiti.

Mama Nuru
Morocco na Ureno, Qatar, 10 Desemba 2022. Qatar ilikuwa raha kwa sababu saa yao ndiyo saa yetu, mechi ikaanza saa 12 jioni. Dakika ya arobaini na ushee adhana ya magharibi hiyo. Nikasema rakaa tatu tu, bila bila itanisubiri. Narudi, En-Nesyri wa Morocco kashapaa, kashapiga kichwa, kashatua, watoto wangu wanarukaruka juu ya kochi. Marudio nimeyaona mara mia. Marudio siyo goli.

Babu Taarifa
Nyie wote watoto. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Mpira ulikuwa redio, betri unazianika juani zipate nguvu, na mtangazaji ndiye jicho lako. Marehemu Charles Hilary akisema mpira umetoka nje, wewe unaona mpaka chaki ya mstari. Hakuna kilichokuponyoka.

Mwinyi wa Amaan
Bara ndiyo hamkuwa nayo. Sie Unguja tuna TV ya rangi tokea miaka ya 70. Nasema tu.

Babu Taarifa
Nilijua utakuja.

Mwana wa Goma
Jambo wote. Mzee wa Kona anasema kweli kabisa, na sisi Wakongo tuliijua mbele yenu. Baba yangu alikuwa Kinshasa 1974, Ali na Foreman. Ile ngumi ilipigwa saa kumi ya alfajiri! Si kwamba watu wa Kinshasa walipenda kuamka. Ilikuwa ili Waamerika waone ikiwa kwao bado jioni. Baba alisema walikesha mule uwanjani, watu wanalala juu ya mabega ya watu wasiowajua. Foreman akaanguka raundi ya 8. Bado kidogo, mvua ikamwagika, mvua ya kubeba nyumba. Baba akizoea kutuambia: hata mvua ilingoja televisheni imalize.

kijiko
Hii ya mvua naiba.

Bint Mvita
Mzee wa Kona, hapo nakupinga. Mwenye kamera hana joto. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilikuja kwetu Mombasa, pale uwanja wa gofu kando ya bahari. Nlikuwako. Jua la Machi mwalijua nyote, na lile vukuto la baharini, nguo yakuganda mwilini. Bekele wa Ethiopia, mtu aliyekuwa kachukua mataji yote, mbio fupi na mbio ndefu, tangu 2002 hadi 2006, akatoka njiani hakumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Tulishangilia Bekele alipoacha, kisha nikaona haya, maana mgeni huyo, kaja kwako. Sasa walioona kwa TV waliona mtu kaacha kukimbia, basi. Mimi nliona mtu kashindwa na Mombasa yenyewe.

Mzee wa Kona
Dada, nimekuelewa, lakini mlikuwa wangapi pale? Picha za Kombe la Dunia tangu 2002 zinatengenezwa na kampuni moja ya Ulaya, HBS. Mwenyeji anatoa nyasi, taa na polisi.

Bint Mvita
Na jua.

Mtoto wa Temeke
Tukija kwenye kuandaa tusijifananishe jamani. Kuna majirani walipewa AFCON 1996, ikaishia Afrika Kusini. Wakapewa CHAN 2018, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, ikaishia Morocco. CHAN hii ya Agosti 2025 uwanja wao wa Kasarani ukapunguziwa mashabiki hadi 27,000 kwa sababu watu walikuwa wanaingia kama kwenye mnada wa mbuzi. Sitaji jina.

Jirani wa Kasarani
Boss, fainali ya hiyo CHAN ilichezewa wapi? Sema polepole nisikie. Morocco 3, Madagascar 2, na lile kombora la Lamlioui kutoka mbali nililiona kwa macho yangu mawili, si kwa bando. Shida yetu ni watu kutaka kuingia. Shida yenu, Taifa Stars isipocheza, viti vinahesabika. Halafu 2003 tulikuwa wenyeji wa mechi mbili za Kombe la Dunia la kriketi, Sri Lanka walikuja Gymkhana wakachapwa, New Zealand waliogopa kuja tukachukua pointi za bure, tukafika nusu fainali ya dunia. Nyinyi?

Mtoto wa Temeke
Kriketi ndiyo nini, mkuu? Ile ya kupiga mpira kwa ubao wa kufulia?

Mama Nuru
Nyie wawili, 22 Agosti mlitolewa CHAN mkalia siku moja. Mmoja jioni kwa penalti za Madagascar, mwingine usiku kwa kigoli kimoja cha Morocco. Kaeni chini.

Mwinyi wa Amaan
Tena kwenye CHAN hiyo mmesahau uwanja wetu wa Amaan. Sudan 4, Nigeria 0. Watu wamekimbia vita kwao, wanakuja kucheza kisiwani, uwanja mzima unawashika mkono. Mie sina mjomba Sudan hata mmoja lakini sauti ilinikauka siku mbili.

Fundi Madishi
Nafunga madishi miaka 15, nijibu la kuchelewa. Siyo mchawi. Satelaiti iko juu kama kilomita 36,000, kwenda na kurudi ni robo sekunde, hiyo si kitu. Muda unaliwa kwenye kuibana picha ili isafiri na kuifungua ikifika. Kwenye simu ndiyo balaa: mechi inakatwa vipande vya sekunde kadhaa, simu inaweka akiba vipande viwili vitatu kabla haijakuonyesha, ili isigandegande. Kwa hiyo redio inawahi, dishi linafuata, simu inakuja na mazishi. Ushauri: tazama dishi, na redio ya jirani izimwe.

kijiko
Redio ya jirani tunaizimaje, fundi?

Fundi Madishi
Mnunulie simu, naye achelewe.

Mtoto wa Temeke
Dawa ni kibanda umiza tu. Kelele za mule husikii jirani wala mke.

Babu Taarifa
Vibanda umiza ndiyo wezi wakubwa. Kiingilio wanachukua, dakika ya 80 picha hamna.

Chogo21
Nimekuwa nasoma tu, lakini hapo kwa Babu imebidi niingie. Wakuu, mimi ndiye mwenye kibanda.

11 Julai 2010, Tanga, Makorora. Fainali, Hispania na Uholanzi. Kibanda cha mabati na maturubai, mabenchi kumi na mawili niliyachongesha kwa mkopo, TV ya chogo inchi 21 ya baba mkwe. Niliiazima kwa siku moja tu kwa sababu yangu ilikuwa inaonyesha wachezaji wote kijani. Kiingilio siku zote mia mbili, siku ile mia tano. Mke mlangoni na kopo la rangi. Walijaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya mabati, na hao nao nikawatoza mia.

Mchana nilikuwa nimetia umeme wa elfu mbili. Nikapiga hesabu: dakika tisini, mapumziko, mazungumzo ya kabla, unatosha na unabaki. Sikupiga hesabu ya dakika za nyongeza. Na sikupiga hesabu ya shemeji yangu, aliyeunga friji la soda kwenye waya uleule, kimyakimya, ili auze za baridi.

Mnaikumbuka mechi yenyewe. De Jong wa Uholanzi kampiga Alonso daluga la kifua, refa Webb anagawa kadi kama mialiko ya harusi, Robben kabaki na kipa Casillas peke yao na bado hakufunga. Tisini zikaisha bila bila. Nikatoka kuangalia mita, taa nyekundu inapepesa. Nikamtuma mtoto kwa wakala wa umeme, kafunga. Wakala wa pili yuko wapi? Yuko kibandani kwangu, benchi la tatu. Nikamwinamia sikioni, kaka, twende mara moja nikurudishie na kiingilio chako. Akanijibu bila kugeuka: "Niache bwana, mpaka filimbi."

Giza likaingia kipindi cha pili cha nyongeza.

Sekunde kama tatu hivi hakuna aliyepumua. Halafu kutoka baa ya ng'ambo ya barabara, wenye jenereta, tukasikia "Goooooli!" La nani? Hatujui. Watu zaidi ya mia, gizani, wanajua fainali ya dunia imeamuliwa na hawajui nani kafunga.

Kilichofuata ni sauti ya mabati. Mimi nililalia TV ya mkwe kama kuku alalia mayai, nikakanyagwa mgongo mpaka kesho yake sikuweza kuvaa shati. Asubuhi mabenchi yamebaki mawili. Friji tupu. Kopo la kiingilio mke wangu anasema liliporwa. Mwaka uleule akanunua cherehani. Sijawahi kuuliza.

kijiko
Nimelia machozi ndani ya daladala, konda ananitazama.

Mama Nuru
Pole kaka. Ila wa matundu ya mabati kuwatoza mia, hapo Mungu alikuona.

Jirani wa Kasarani
Na stima hukujaza ya kutosha kwa fainali ya dunia. Halafu mnasema sisi ndio hatujui kuandaa.

Mtoto wa Temeke
Mwacheni mzee wa watu. Chogo, ile cherehani ilikuwa ya miguu au ya mkono? Tupige hesabu ya kiingilio.

Mdigo Mkimya
Chogo21, ngoja kwanza. Kibanda kilikuwa na mwembe nyuma, na mlango umefungwa kwa tairi la baiskeli? Nilikuwa na miaka 14. Mimi sikuvunja kitu, naapa. Ila kaka yangu alirudi nyumbani usiku ule na benchi kichwani. Liko kwetu mpaka leo. Bibi analikalia akichambua mchele.

Chogo21
Lipindue uangalie chini.

Mdigo Mkimya
Niko Dar. Nimempigia binamu akaangalie. Anasema kuna namba 7, rangi nyekundu.

Chogo21
LANGU. Kumi na mbili zote nilizipiga namba kwa mkono wangu.

Fundi Madishi
Usiende peke yako, nenda na mjumbe.

Babu Taarifa
Usiende kabisa. Benchi la miaka yote hiyo ni la bibi kisheria.

Mwana wa Goma
Sheria gani hiyo, mzee?

Babu Taarifa
Ya kuchambua mchele.

Bint Mvita
Mpelekee bibi kiti kizuri, chukua benchi lako kwa adabu. Na usimkute njaa, nenda na kitu mkononi.

Mzee wa Kona
Wakuu, turudi kwenye mada. AFCON 2027 tutaionea wapi?

kijiko
Kwa bibi, benchi namba 7.

Mdigo Mkimya
Nimeongea na bibi mwenyewe. Anasema benchi atalitoa, hana ugomvi. Ila kwanza umrudishie kaka mia tano yake, hakuona goli.

Chogo21
Muulize kaka alikaa benchi la ngapi. Kama alikuwa wa tundu la bati, ni mia.