Naomba ushauri: safari ya tanga Matema hadi Ikombe imenishinda

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi Juni nilitoka Mbeya mjini na mke wangu na mama mkwe hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, twende Ikombe kununua vyungu vya Wakisi. Nilichagua mtumbwi wa tanga, twende taratibu tukitazama Milima ya Livingstone. Mwera, ule upepo wa kusini-mashariki, ukatujia usoni. Nahodha akageuza tanga, likakumba kilemba cha mama kikaenda na maji, na ndoo ya wali ikafuata. Baada ya saa mbili tulikuwa nyuma ya tulipoanzia, kuelekea mlango wa mto Lufirio! Wavuvi ndio waliotuvuta.

Mama hajanisemesha tangu siku ile, inaniuma sana. Vyungu bado anavitaka. Nisubiri Oktoba mwera utulie, au nikodi boti ya injini? Na maboya ya kuvaa nitayapata wapi Kyela?