Mwanangu wa miaka 14 ameanza kunywa pombe, na ukoo wa baba yake una walevi. Je, ni damu?

Mama Kifungua Mimba:
Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 14. Siku moja nilikuwa nafua, nikachukua mkoba wake wa shule niukung'ute. Chini kabisa, ndani ya soksi ya mpira, nikakuta chupa ndogo ya maji. Nikafungua, nikanusa: pombe kali, imebaki kama mafunda mawili. Mikono ilinitetemeka. Jioni nikamkalisha, nikamuuliza taratibu. Hakukana. Alisema wako wanne na wameshakunywa mara tatu. Kisha akaongeza neno ambalo nadhani aliamini litanituliza: "Mama, usiogope, mimi silewi. Wenzangu wanatapika, mimi hata sisikii kitu."

Babu yake mzaa baba alikufa kwa ini lililoharibiwa na pombe. Baba yake mdogo hadumu kwenye kazi hata miezi sita. Mume wangu naye alikunywa hadi ndoa ikafika ukingoni. Ameacha, huu ni mwaka wa 6, na mtoto alikuwa mdogo, hajui mengi. Nilipowashirikisha wakwe, jibu lilikuwa moja: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Shemeji alimpigapiga mgongoni, eti kifua cha ukoo hicho.

Naomba kujua: ni kweli iko kwenye damu na mimi napoteza muda? Kuna kipimo cha kujua kama amerithi? Jirani ananishauri nimpe kidogo nyumbani azoee mbele ya macho yangu, ni sawa? Na je, aambiwe habari za baba yake? Mume anaona aibu.

Baba Watatu:
Pole sana dada. Nitakwambia ninachokiona: damu ni damu. Katika familia moja niijuayo wamekunywa babu, baba na mjukuu, na wote walisemwa, wakapigwa, wakaombewa. Mpeleke shule ya bweni ya mbali, labda atasahau.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:
Naomba nipingane na kaka hapo juu kwa heshima zote. Babu, baba na mjukuu walirithishana damu, lakini walirithishana pia nyumba, meza na chupa iliyokuwa juu ya hiyo meza. Ukitazama familia moja tu, huwezi kuvitenganisha.

Watafiti walijaribu kuvitenganisha huko Denmark. Mwaka 1973 walichapisha taarifa za wanaume waliozaliwa na mzazi mlevi lakini wakachukuliwa na kulelewa na familia nyingine tangu wakiwa na wiki chache. Walipokuwa watu wazima, 18 katika kila 100 walikuwa walevi wa kupindukia. Kwa watoto wa kulelewa ambao wazazi wao wa kuwazaa hawakuwa na tatizo hilo, walikuwa 5 katika kila 100. Kwa hiyo damu ina neno, sikatai. Lakini dada, hesabu tena: 82 katika 100 wenye damu hiyo hiyo hawakuwa hivyo.

Tafiti za mapacha zinasema jeni, yaani chembe za urithi tunazopata kwa wazazi, hubeba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika uraibu wa pombe. Hapo tunazungumzia watu wazima. Kwa mtoto wa miaka 13 au 14 hali ni nyingine. Katika umri huo, kinachoamua zaidi nani ameanza na nani hajaanza ni mazingira: nyumba, shule, mtaa, marafiki. Jeni huongezeka nguvu kadiri kijana anavyokua, hasa kwenye swali la nani ataendelea na atakunywa kiasi gani. Na huko Finland waliwafuatilia mapacha wa miaka 14 kuhusu sigara wakakuta jambo lililonigusa sana kama mzazi: pale ambapo wazazi walijua mtoto yuko wapi na yuko na nani, mchango wa jeni ulikuwa mdogo. Pale ambapo wazazi hawakujua, jeni ndizo zilizotawala. Jeni zilikuwa zimelala kwa sababu hazikupewa nafasi.

Kuhusu kipimo, usimpe mtu pesa yako. Mwaka 2019 wanasayansi walikusanya taarifa za watu hadi milioni 1.2, wakapata zaidi ya maeneo 400 kwenye vinasaba (hizo hizo jeni) yanayohusiana na sigara na pombe, na kila moja lina mchango mdogo mno. Hakuna kipimo kitakachokwambia kuhusu mwanao zaidi ya unachokijua tayari kuhusu babu yake.

Sasa nikuombe jambo moja kubwa. Ile kauli ya "sisikii kitu" usiipite. Marekani, pale San Diego, walichukua vijana wa miaka kama 20, wakawapa pombe kwa kipimo, wakaangalia wanavyoyumba na wanavyojisikia. Miaka kumi hivi baadaye wakawatafuta tena. Kati ya wana wa walevi ambao pombe haikuwashtua, 56 katika 100 walikuwa wameshakuwa walevi. Kati ya wana wa walevi ambao pombe iliwashika haraka, ni 14 tu. Anayetapika mwili wake umempigia kelele aache. Mwanao kelele hiyo haisikii, basi ataongeza. Mwambie shemeji yako kwamba hicho kifua anachokisifia ndicho hatari yenyewe.

Mdogo wa Marehemu:
Shikamoo wakubwa. Mimi si mtaalamu, nasema niliyoyaishi.

Baba yetu alikuwa mlevi. Tulizaliwa wanaume wawili, kaka yangu amenizidi miaka miwili. Yeye alianza akiwa na 13, na tumemzika akiwa na 36. Mimi nina 41 na sijawahi kunywa. Watu huniambia nilikuwa na nidhamu. Si kweli. Nilipofika miaka 11, mjomba alinichukua nimsaidie karakana yake kila nikitoka shule. Nilikuwa narudi nyumbani saa mbili usiku nimechoka, nanuka grisi, na nikichelewa anakuja kuuliza nimefika. Kaka alikuwa anatoka shule saa tisa na hakuna aliyemuuliza chochote hadi usiku. Tulikuwa na baba mmoja na mama mmoja. Yale masaa matano ndiyo tuliyotofautiana.

Dada, angalia masaa ya mwanao kati ya kutoka shule na kulala.

Mwalimu Mlezi:
Nimefundisha vijana wa umri huo miaka mingi. Alichosema Mdogo wa Marehemu kimenitoa machozi, pole sana mdogo wangu.

Tunapenda kusema "makundi mabaya yamemharibu". Mara nyingi mtoto mwenyewe analitafuta kundi. Kuna watoto wamezaliwa na hamu ya mambo ya msisimko, hawatulii, hawawezi kusubiri. Tabia hiyo kwa sehemu ni ya kurithi, nayo humpeleka kwa wenzake wanaofanana naye, na kundi nalo linamalizia. Kwa hiyo damu na mazingira huwa vinashikana mkono. Ukimkataza rafiki mmoja atampata mwingine wa aina ile ile, kama hamu yake hujaipatia pa kwenda. Nimeona vijana wa namna hiyo wakipona kwa kuogelea, ngumi, ngoma, chochote kinachopandisha mapigo ya moyo na chenye mtu mzima pembeni. Wengine hunywa kwa huzuni au hofu, hao wanahitaji kusikilizwa. Mjue wako ni yupi.

Kumwonjesha nyumbani, hapana. Australia waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,900 kwa miaka sita. Waliopewa pombe na wazazi hawakupata kinga yoyote, na walielekea zaidi kuipata kwingine pia.

Na kaka Baba Watatu, mazingira ya nchi nzima yanaweza kugeuka. Iceland mwaka 1998, vijana 42 katika 100 wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa 5. Jeni za watu hazibadiliki kwa miaka 18. Kilichobadilika ni watoto kutozurura usiku, wazazi kukubaliana pamoja, na michezo kugharamiwa.

Tahadhari moja: kujua aliko si kumpekua. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu watoto wetu wanatuambia wenyewe. Huyu alikwambia ukweli siku ya kwanza. Ukimpiga, mlango huo unafungwa.

Baba Watatu:
Nimesoma yote. Bweni nafuta kauli, dada. Sikufikiria kwamba huko nani atamuuliza amefika saa ngapi.

Mama Kifungua Mimba:
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nawaletea mrejesho.

Nilimsomea mume wangu majibu yenu, hasa yale ya karakana. Hakusema kitu usiku ule. Jumamosi alimwita mtoto wakakaa nje, mimi nikabaki dirishani. Alimweleza yote: babu, kazi alizofukuzwa, usiku ule nilioondoka na watoto. Mtoto alikuwa anaangalia chini tu. Halafu akamuuliza, "Baba, wewe ulikuwa unatapika?"

Mume wangu akamjibu, "Hapana mwanangu. Miaka yote ya mwanzo, sikuwa nasikia kitu."

Wazazi wa wale watatu tumeshawatafuta, wawili wamekubali tukutane. Jumatatu anaanza kuogelea, na baba yake ndiye atakayekuwa anamfuata.