Uvumilivu umegeuzwa kichaka cha wachochezi, na wanaokamatwa ni wengine

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoka kuambiwa kwamba jamii inayojiita ya uvumilivu inapaswa kumvumilia hata yule anayetaka jirani yake afukuzwe. Nimechoka zaidi kuona kwamba hapa Kenya hoja hiyo ya uhuru wa kusema huwakinga wachochezi, ilhali wanaolala korokoroni ni watu walioikosoa serikali. Mambo haya mawili yanakwenda sambamba, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Hivi karibuni, katika kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wetu hapa Nakuru, mtu mmoja aliandika kwamba wapangaji wa kabila fulani wapewe notisi mapema, kabla ya uchaguzi wa 2027, ili watu wasije wakasumbuana baadaye. Nilimwomba msimamizi aufute ujumbe huo na amwonye aliyeuandika. Nikajibiwa kwamba kila mtu ana haki ya maoni yake, kwamba sisi ni mtaa wa watu wastaarabu wanaovumiliana, na kwamba anayeleta siasa ni mimi. Nilipozidi kushikilia, nikaondolewa kundini. Ujumbe wenyewe uliachwa pale pale, na kuna majirani walioupigia dole gumba ambao hunisalimu kila asubuhi na kuniuliza habari za watoto.

Tuanze na Katiba, kwa kuwa wanaoitaja sana ndio wasioisoma. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha papo hapo kinasema kwamba uhuru huo haujumuishi propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala kueneza chuki ya kikabila au ya kuwadhalilisha wengine. Mipaka hiyo haikuwekwa na mtawala aliyechukizwa na kejeli. Wakenya waliipitisha kwa kura ya maoni, na walikuwa na sababu ambayo bado ilikuwa mbichi.

Sisi tuliokuwa Bonde la Ufa mwaka 2007 tunaijua sababu hiyo. Nilikiona kikaratasi kimoja Molo: nusu ukurasa, kimetolewa fotokopi mara nyingi mpaka herufi zimefifia, kimepenyezwa usiku chini ya mlango wa duka, hakina sahihi, kinawataka "wageni" wahame kabla ya siku ya kura. Mwenye duka alizaliwa hapo hapo. Watu wakasema ni vitisho vya siasa tu, vitapita. Baada ya matokeo kutangazwa, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Wengine walichomwa ndani ya kanisa la Kiambaa walikokimbilia, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008. Mapanga na viberiti vilikuja mwisho. Kabla yake kulikuwa na mikutano ya hadhara, vipindi vya redio, vikaratasi, na neno "madoadoa" lililofanya majirani waonekane kuwa uchafu unaopaswa kutakaswa.

Rwanda ilikwisha kutuonyesha jambo hilo. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, redio RTLM ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikawatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Hakuna aliyewaza pale Arusha kwamba dawa ya matangazo yale ilikuwa kuwapa Watutsi nao kipindi cha kujibu.

Hili ndilo jibu langu kwa wale wanaosema kwamba neno lijibiwe kwa neno. Nakubaliana nao katika mambo mengi kuliko wanavyodhani. Anayemkejeli Rais aachwe. Anayesema dini yangu ni upuuzi aachwe. Nitakasirika na nitamjibu. Anayedai kwamba sera ya ardhi imelipendelea kabila langu aachwe aseme, kwani pengine ana ushahidi, na kama hana tutabishana. Lakini mama anayeambiwa ahame kwa sababu ya jina lake la ukoo hajaletewa hoja yoyote ya kujibu. Anachotakiwa kufanya ni kufungasha, na kila siku sisi wengine tunapokaa kimya huku tukijisifu kwamba tunavumilia, yeye ndiye anayelipia uvumilivu huo kwa kukosa usingizi.

Sasa nije kwenye kinachonikera zaidi. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na kifungu chake cha 13 kinatoa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Tarehe 8 Januari 2022, katika mkutano wa kampeni Eldoret, yaani pale pale, seneta mmoja aliuhimiza umati uwaondoe "madoadoa". Alikamatwa, akaomba radhi, akasema ameeleweka vibaya, na Oktoba ya mwaka huo huo akaapishwa kuwa waziri. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kwa wanasiasa wetu radhi huzoa kila kitu. Mwaka huo pia Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na ndani yake, pamoja na "madoadoa" na "kwekwe", ikatia "hatupangwingwi", kaulimbiu ya watu waliokuwa wakisema hawatapangiwa mgombea! Chombo kinachoshindwa kutenganisha tishio dhidi ya jirani na ukaidi dhidi ya wakubwa kinawapa wachochezi kisingizio cha kudai kwamba sheria yote ni ya kisiasa.

Na kisingizio hicho kinaaminika kwa sababu dola imekipalilia yenyewe. Ilibidi Mahakama Kuu ifute mwaka 2016 kosa la matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano, na mwaka 2017 kosa la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma na lile la kashfa kama jinai, kwa kuwa watu walikuwa wakishtakiwa kwa kuandika mambo yasiyowapendeza wenye vyeo. Mwaka 2018 ikaletwa sheria ya uhalifu wa mitandaoni yenye kifungo cha hadi miaka 10 kwa habari za uongo, zikiwamo za kumharibia mtu sifa. Mei 2025 polisi walimkamata kijana aliyetengeneza programu ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha, na mashtaka yakatupwa na mahakama. Juni 2025 mwalimu kijana alichukuliwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi, akafia humo. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na kubanwa shingo. Hakuwa amemtaka mtu yeyote ahame popote.

Kwa hiyo msiniambie kwamba nikidai mpaka ninawapa polisi rungu. Rungu wanalo tayari, na wanalitumia bila kunisubiri. Ninachodai ni kwamba mpaka ubaki mwembamba kama Katiba ilivyouchora, kwamba hakimu ndiye aamue nani ameuvuka badala ya OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, au waziri, na kwamba kesi isiishie kwa kuomba radhi mbele ya kamera. Tume ya Uwiano na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma watangaze, kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto, hali ya kila faili la matamshi ya chuki lililofunguliwa tangu 2008: nani alishtakiwa, kwa maneno yapi, nani aliondolewa mashtaka, na ni nani aliyetia sahihi ya kuyaondoa.