Naomba ushauri: niongeze pesa kwenye gemu isiyokamilika, au niishie hapa?

Mkazi_wa_Jinja:
Ndugu zangu, salaam. Mwaka 2019 nililipa dola 45 kwa gemu ya ujenzi wa miji ambayo waundaji wake waliahidi kuikamilisha mwaka uliofuata, na hadi leo haijakamilika. Kuchelewa kwenyewe ningekuvumilia. Kinachoniuma ni kwamba kila baada ya miezi michache duka lao huleta bidhaa mpya, mara majengo ya kifahari, mara magari, na nyingine huuzwa zikiwa bado ni michoro tu. Sasa wametoa kifurushi cha dola 120, na vijana wawili wa Kampala ninaocheza nao wananisihi tukinunue sote. Kwangu hiyo ni zaidi ya kodi ya chumba ya miezi miwili, sijahesabu bando la kupakua kila toleo. Nifanyeje?

Fundi_Ntinda:
Ndugu yangu, chunguza kwanza pesa zao zinaingiaje. Star Citizen, gemu ya vyombo vya anga ya muundaji Chris Roberts, ilianza kuchangisha pesa mwaka 2012 ikikusudiwa kutoka mwaka 2014. Kufikia 2022 ilikuwa imepita dola milioni 500 bila kukamilika, na sehemu kubwa ilitokana na kuuza vyombo vya anga, vingine kabla havijaundwa. Siwaiti wezi, kwa kuwa ipo sehemu inayochezeka na wapo wanaoifurahia kwa dhati. Hata hivyo, ikiwa mauzo yanastawi wakati kazi ingali wazi, mchezaji ana haki ya kuuliza ni nini kitakachomsukuma muundaji aikamilishe. Hapa kwetu fundi wa nyumba hulipwa kwa hatua, msingi, kuta, kisha paa, na hakuna anayemlaumu mwenye nyumba kwa kushika pesa ya paa hadi kuta zisimame.

Dada_Arua:
Nakubaliana na Fundi, ila tusilaumu kila gemu inayouzwa kabla ya kukamilika. Baldur's Gate 3 iliuzwa hivyo kuanzia Oktoba 2020 na ikakamilika Agosti 2023. Wanunuzi wa mwanzo walilipa mara moja, wakapata sura ya kwanza ya kucheza, na gemu nzima ilipotoka hawakudaiwa tena. Kaka, jiulize hivi: kama waundaji wako wangeacha kazi leo, vitu vinavyochezeka ndani ya kifurushi hicho vingekuwa na thamani ya dola 120 kwako? Utaratibu wa Steam, duka la gemu la mtandaoni, wa kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, ukiwa umecheza chini ya saa 2, hauwezi tena kukusaidia kwa ununuzi wa 2019.

Mzee_Bweyogerere:
Mwanangu, zile dola 45 zimekwisha kwenda. Usizifuate na nyingine kwa tumaini la kuzikomboa.

Mkazi_wa_Jinja:
Asanteni sana, Mzee wangu, Dada na Fundi. Jana usiku nimesoma orodha ya kifurushi neno kwa neno: kati ya vitu saba, vitano bado havijaundwa, na hakuna hata kimoja kilichowekewa tarehe. Nimewaandikia vijana kwamba sinunui, ila nitaendelea kucheza nao kwa tulivyo navyo. Mmoja amekubali, mwingine hajanijibu tangu asubuhi.