Mnaofundisha Kiingereza mtandaoni, acheni kutudanganya kwamba haya maswali "yote ni sawa"

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Kila nikishika simu nakutana na video ile ile: "Acha kusema How are you, sema hivi!" Halafu orodha inashuka: "How are you doing?", "How do you do?", "What's up?", "What are you up to?" Mwalimu anamalizia kwa kujiamini kabisa: zote maana yake ni habari yako, chagua unayoipenda. Chini huko wanafunzi wanamwaga shukrani.

Chagua unayoipenda? Haya, nenda kwenye usaili wa kazi umwambie mkuu wa jopo "What's up?" halafu uje utupe mrejesho.

"How do you do?" ina alama ya kuuliza lakini hakuna anayekuuliza kitu. Ni salamu rasmi ya watu wanaotambulishwa kwa mara ya kwanza, na jibu lake ni hiyo hiyo, unamrudishia mwenzako kama ilivyo. Siku hizi hata Waingereza wengi wameiacha, wanasema "Nice to meet you" yanaisha. "What are you up to?" yeye anataka kujua unafanya nini au una mpango gani, ukimwambia "I'm fine" umejibu ambacho hajauliza. "What's up?" inajibiwa "Not much", siyo ile "Fine, thank you, and you?" tuliyokaririshwa tukiwa wadogo.

Sasa ugomvi wangu uko hapa: HAWAFUNDISHI JIBU. Kwani sisi nani alitufundisha "hujambo" bila "sijambo"? Vinakuja pamoja, na unasema sijambo hata kama kichwa kinagonga. Iweje Kiingereza tupewe maswali matupu?

Chukueni "Do you mind". Nimeshuhudia kwa macho yangu kwenye basi. Mama mmoja mgeni ameshika kioo cha dirisha, anamuuliza jamaa aliyekaa naye, "Do you mind if I open the window?" Jamaa kwa ukarimu wote, tabasamu hadi jino la mwisho: "Yes, yes!" Mama akaachia kioo, akakunja mikono, akakaa kimya. Jamaa akabaki anashangaa, mbona hafungui? Ndugu yangu, umeulizwa kama utakereka, ukasema ndiyo, nitakereka! Ruhusa hapo inatolewa kwa "No, go ahead" au "Not at all". Hili ndilo la kurekodia video, kwa sababu hapa "ndiyo" inafunga mlango na "hapana" inaufungua. Lakini wapi, wao wako bize na maneno 100 ya kuongea kama Mmarekani.

Halafu kuna "What do you do?" na "What are you doing?" Ya kwanza ni kazi yako, ya pili ni unachofanya sasa hivi. Mtu anaulizwa kazi yake anasema "I am sitting". Na "What is she like?" hukuulizwa anapenda nini, umeulizwa yukoje, mpole au mkali. Anapenda nini ni "What does she like?" Ukitaka sura na umbo, "What does she look like?" Maswali matatu, mambo matatu tofauti, na kuna video inayoyaweka kwenye fungu moja!

Mengine ni ya kuvunja urafiki. Rafiki ana huzuni, ukimwuliza "What's wrong?" umemjali. Ongeza "with you" pale mwisho na inaweza kusikika kama "una matatizo gani wewe?" Kwenye simu nako, "Who's calling, please?" ni ustaarabu, "Who are you?" ni ya askari getini.

Na maswali ya kukanusha ndiyo sijawahi kuona yakiguswa kabisa. Kwetu mtu akiuliza "hujala?" unajibu "ndiyo, sijala", unakubaliana naye. Kiingereza hakimwangalii muulizaji, kinaangalia tukio: "Haven't you eaten?" na hujala, jibu ni "No". Ukisema "Yes" ukanyamaza, umeshiba kwa mujibu wao, sahani inaondoka.

Najua mtasema video ni za bure, nisilalamike. Bure ya kunipotosha ya nini?

Mwenye kumjua mwalimu anayefundisha swali pamoja na jibu lake, na anayesema unamwuliza nani na wakati gani, aweke hapa. Wale wa "Kiingereza si lugha yetu, ya nini kuhangaika", piteni kimya kimya, hamjaulizwa.