Kukausha nyanya za bustani katika hewa ya pwani

Mwenyeji wa Muheza aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina bustani ndogo ya nyanya nyuma ya nyumba hapa Muheza, nusu aina ya Moneymaker na nusu aina ya Cal J. Kwa jinsi zinavyoiva kwa pamoja hatuwezi kuzila zote, na bei ya sokoni wakati huu hailipi hata nauli ya tenga moja. Ningependa kuzikausha zitufikishe wakati wa uhaba, ila maelekezo mengi niliyoyasoma yanatoka kwa watu wa Iringa na Dodoma, ambako hewa ni kavu. Je, kuanika juani kutafaa huku kwetu?

Fundi Kaushio:

Jua mnalo la kutosha. Kinachowasumbua watu wa pwani ni unyevu wa hewa. Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 94, na maji hayo hayaondoki kwa joto peke yake, bali kwa hewa inayopita na kuyachukua. Kipande ambacho kingekauka kule Ilula, Iringa, kabla ukungu haujaanza, kwenu kinaweza kubaki laini hadi kiharibike. Kwa hiyo usianike wazi, tengeneza kaushio. Ni sanduku la mbao lililoinama kuelekea jua, lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa nailoni angavu juu, lenye tundu la hewa chini upande wa mbele na jingine juu upande wa nyuma, yote yakiwa yamezibwa kwa chandarua ili nzi wasiingie. Hewa iliyopashwa joto hupanda na kutokea juu, nyingine ikiingia chini, na hewa ya moto ina uwezo mkubwa zaidi wa kunyonya maji. Nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi zinatosha. Joto likizidi sana, nje hukakamaa huku ndani kukiwa bado kubichi. Chanja za kupangia vipande ziwe za wavu wa plastiki, kwani asidi ya nyanya hula bati.

Bibi Bustani:

Mwanangu, anza na Cal J, maana ina nyama nyingi na maji machache. Chagua zilizoiva vizuri lakini ngumu, uzioshe, uzikate vipande vya milimita 6 hadi 8, uondoe ute na mbegu, kisha unyunyize chumvi kidogo, ambayo huvuta maji na kuuchelewesha ukungu. Vipande visigusane. Jioni viingize ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya mchana kutwa. Vikiwa tayari hukunjika kama ngozi, havinati, wala havitoi maji ukivibonyeza. Usishangae tenga zima likijaa kwenye chupa chache tu: kilo 1 ya nyanya kavu hutaka kilo 15 hivi za mbichi.

Mpishi wa Tanga:

Naheshimu maelezo hayo, lakini zile Moneymaker nisingezikausha kabisa, hasa wakati wa masika. Zichemshe bila mfuniko hadi ziwe rojo zito, kisha uzigandishe kwenye friza kwa mafungu ya kutosha kupika mara moja moja. Kaushio liachie Cal J na miezi isiyo na mvua.

Mwenyeji wa Muheza:

Nashukuruni sana. Na je, nikishazikausha naweza kuzitia kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu, kama zile za dukani?

Bibi Bustani:

Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kisikae kabatini hata kidogo. Mafuta huzuia hewa, na bakteria wa botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, hustawi pasipo hewa, tena sumu yake huenda usiione wala kuinusa. Viwanda hutia asidi kwa vipimo ambavyo jikoni hatuna. Wewe zihifadhi kavu: ziache zipoe, jaza chupa ya kioo hadi theluthi mbili, funga, na uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, zirudishe kwenye kaushio siku hiyo hiyo; ukiona ukungu, tupa chupa nzima. Zisipoonyesha dalili hizo, ziweke penye giza. Unaweza pia kuzisaga, ila saga kidogo kidogo, kwani unga wa nyanya huku pwani huganda upesi. Kwa mchuzi, ziloweke nusu saa katika maji ya moto, na maji hayo uyatie sufuriani pia.

Fundi Kaushio:

Nyongeza moja: nailoni ya kawaida huchakaa juani upesi. Nunua ile ya vitalunyumba.